Nani Atamfunza Asiyefunzwa na Mamaye?

Hotuba kwa waandishi vijana na walimu wao wa fasihi

Walimu, wahariri wenzangu, na ninyi vijana ambao leo mmekaa viti vya mbele, jambo ninaloliona kwa nadra sana mikutanoni: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za vijana zinazosimulia maisha baada ya gonjwa kuu. Mnazijua. Dunia imekwisha, watu wazima wamekufa au wametoweka, na aliyebaki ni msichana wa miaka kumi na mitano anayetafuta maji. Nitasema kwa ufupi. Najua kila anayetoa ahadi hiyo akiwa na kipaza sauti mkononi huivunja, lakini angalau nimeitoa.

Kazi yangu ni kusoma miswada. Tangu mwaka 2020 miswada ya aina hii imenijia kwa mafungu, na sishangai. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa korona imekuwa janga la dunia nzima, na ndani ya wiki chache wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walikuwa hawaendi shule. Kizazi kizima kilikaa dirishani kikitazama barabara tupu. Aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati ule leo ana umri wa kuandika riwaya, na anaandika.

Shida yangu ni kwamba wote wanaandika riwaya ileile. Ukurasa wa kwanza king'ora kinalia. Ukurasa wa pili mtangazaji wa televisheni anakohoa katikati ya taarifa ya habari. Ukurasa wa nne mji ni mtupu. Ukurasa wa kumi shujaa ameokota bunduki, na wa kumi na mbili linatokea genge la pikipiki. Kati ya ukurasa wa pili na wa nne wamekufa watu mabilioni, akiwemo mama wa shujaa, na hakuna aliyesimama hata dakika moja. Hapo mimi huchukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni swali moja: "Mama yake kazikwa na nani?"

Kijana mmoja alinijibu kwa ujumbe wa simu: "Mzee, mazishi hayana msisimko." Nikacheka. Kisha jibu lile likanikaa kichwani siku nyingi. Kusema kweli hotuba hii yote ni majibu yangu kwake, kwa sababu siku ile nilimwandikia "haya" tu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumezoea kuitumia methali hii kama fimbo: mtoto mtundu amekosa, watu wazima wanatikisa vichwa, methali inatolewa, kesi imekwisha. Ndani ya riwaya ya baada ya gonjwa methali hiyo inatokea kweli, neno kwa neno. Mama hayupo. Mwalimu aliyebaki ni ulimwengu, na huyo harudii somo wala hatoi mtihani wa majaribio. Ukiniuliza riwaya hizi zinahusu nini, sitakwambia zinahusu virusi. Zinahusu somo lililokatika. Mama alikuwa ameanza kumfundisha mtoto jambo fulani, hajafika mwisho, akafa, na mtoto amebaki na nusu. Hiyo nusu ndiyo riwaya yenyewe.

Na tangu mwanzo ilikuwa hivyo. Mwaka 1826 Mwingereza Mary Shelley alichapisha riwaya kuhusu tauni inayofagia wanadamu mwishoni mwa karne ya 21, mpaka anabaki mwanamume mmoja anayezunguka Rumi na mbwa wake. Wakosoaji wa siku zake waliiponda vibaya. Alipoichapisha alikuwa hajatimiza miaka thelathini, na tayari alikuwa amefiwa na watoto watatu, na mume wake alikuwa amekufa maji mwaka 1822. Huyu hakukaa akajiuliza msomaji atasisimka wapi. Aliandika nyumba iliyobaki kimya, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akilala humo.

Nyuma yake zaidi, katikati ya karne ya 14, mwandishi Boccaccio wa Florence aliwatoa kitabuni mwake vijana kumi nje ya mji wenye tauni ya mwaka 1348, wanawake saba na wanaume watatu, wakaenda mashambani kusimuliana hadithi mia moja. Watu hukumbuka zile hadithi kwa sababu nyingi zinachekesha. Mimi nawaomba msome utangulizi. Humo anaeleza kwamba baba na mama walifika mahali pa kuogopa kuwauguza watoto wao wenyewe, kana kwamba hawakuwa wao. Amelisema mara moja, kwa sentensi chache, akapita. Sijaona genge la pikipiki linalotisha kama sentensi zile.

Sasa nigusie jambo ambalo miswada mingi inalikosea bila kujua, nalo ni la umri. Tunadhani gonjwa huanza na wazee na kumalizia na vijana. Homa kuu ya mwaka 1918, ambayo inakadiriwa iliua watu wasiopungua milioni 50, ilipiga kwa ukali usio wa kawaida watu wa miaka 20 hadi 40. Huo ndio umri wa wazazi wenye watoto wadogo. Ukimwi nao, kwa mwendo wa polepole, uliondoa rika hilohilo la katikati. Kwa hiyo mwandishi anayesema "wazazi wote wamekufa" hajatunga uongo. Lakini tazama nani hubaki katika hali hizo mbili: hubaki watoto, na hubaki bibi. Katika miswada yangu yote, bibi wako wapi? Nani aliwafuta? Bibi anajua kuhifadhi mbegu, anajua kuzalisha, anajua nyimbo, anajua jirani gani si wa kuaminiwa na kwa nini. Ni mhusika mwenye nusu ya pili ya somo, halafu sisi tunamuua ukurasa wa tatu kwa sababu hawezi kukimbia.

Nadhani tunamuua kwa sababu anatuharibia ndoto. Msomaji wa miaka kumi na sita anataka dunia ambayo hakuna mtu wa kumwambia aoshe vyombo. Namwelewa. Nilikuwa hivyohivyo, na vyombo vilikuwa vingi. Lakini mwandishi mzuri humpa msomaji ndoto hiyo kwa kurasa kama ishirini, halafu vyombo vinaanza kunuka.

Niendelee kidogo na ukimwi, maana hapo hatuhitaji kubuni. Gonjwa lile liliacha mamilioni ya watoto yatima, na wengine wakaishi katika kile ambacho watafiti wanakiita kaya zinazoongozwa na watoto: mkuu wa nyumba ana miaka kumi na minne, wadogo watatu, mlango haufungi vizuri. Hapakuwa na king'ora. Barabara zilikuwa na watu, maduka yalifunguliwa, redio ilipiga muziki. Dunia ya watoto wale ilikwisha huku dunia ya jirani ikiendelea na shughuli zake. Na adui wa kwanza kufika mlangoni mara nyingi hakuja na bunduki. Alikuja ndugu wa marehemu, na tabasamu, na kikaratasi, kuulizia shamba. Kufa kufaana. Mwandishi anayetaka mwovu wa kumtisha msomaji amwandike huyo, anayewaita "wanangu" na kuwasifu walivyokua, huku macho yake yakipima ukuta.

Hapa natenganisha mambo mawili ambayo miswada huyachanganya. Gonjwa ni jambo moja, distopia, yaani jamii iliyogeuka jela kwa watu wake, ni jingine. Gonjwa linaletwa na kidudu, na kidudu hakina nia. Distopia inaletwa na watu, tena mara nyingi watu waliokusudia mema. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru wageni wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye desturi ikawa siku 40, na neno karantini limetokana na hiyo arobaini katika lugha ya watu wa Venisi. Amri ya busara kabisa, imeokoa watu wengi. Lakini mwandishi anatazama lango. Nani anahesabu siku? Akikosea hesabu, unalalamika kwa nani? Binti wa mhesabuji akirudi kutoka safari, naye anakaa zote arobaini? Weka mvulana wa miaka kumi na saba langoni, mpe daftari na kalamu, na umwambie akosee kwa siku moja tu. Huhitaji bunduki.

Mfano mwingine ni bora zaidi, na nashangaa hautumiki. Tauni kuu ya miaka ya 1347 hadi 1351 iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Ulaya. Waliobaki wakajikuta na thamani. Mkulima aliyekuwa akiinamisha kichwa sasa aliweza kusema, "Nilipe zaidi, au nakwenda kwa yule." Basi Uingereza ikafanya nini? Mwaka 1349, tauni ikiwa bado mjini, mfalme Edward III alitoa amri kwamba kila mwenye nguvu aliye chini ya miaka sitini afanye kazi, na kwa ujira uleule wa kabla ya ugonjwa. Maiti hazijaisha kuzikwa, bei ya mtu aliye hai imeshawekewa dari! Mnatafuta distopia za mashine na minara ya vioo, na hii hapa iko kwenye karatasi moja. Manusura wa kijana wako wamekusanyika bondeni, wana maji, wana ukuta, na kuna kamati. Kamati inakaa jioni kuamua nani alime na nani ashike daftari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: sawa, hiyo ni haki. Je, siku ya tatu kuna majembe mangapi, na wanakamati wanashika yapi?

Nimewahi kusikia mwandishi mkubwa akisema gonjwa huvua binadamu ngozi ya ustaarabu na kubakiza fisi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, ingawa sikuwa na la kusema pale. Leo ninalo.

Fisi yupo, sikatai. Mwezi Februari mwaka 1349 watu wa Strasbourg waliwachoma moto mamia ya Wayahudi wa mji wao kwa tuhuma kwamba walitia sumu visimani. Tauni yenyewe ilikuwa haijafika Strasbourg. Rudieni hapo: haijafika. Walioua hawakuwa wagonjwa wala wenye njaa, ustaarabu haukuwa umevuliwa. Mji ulikuwa na soko, mahakama na kanisa. Kilichofika mapema ni uvumi, na wadaiwa fulani walifurahi kuona wadai wao wa Kiyahudi wameondoka. Kwa hiyo hata fisi wetu anahitaji kuandikwa kwa usahihi. Hatoki porini baada ya taa kuzimika. Alikuwa mezani wakati taa zinawaka.

Upande wa pili kuna kijiji cha Eyam huko Uingereza. Tauni iliingia mwaka 1665, inasemekana ndani ya robota la kitambaa kilichotoka London kwa fundi cherehani. Mwaka uliofuata wanakijiji, wakiongozwa na mchungaji wao, William Mompesson, walikubaliana wasitoke, ili wasiwapelekee jirani ugonjwa. Mpakani palikuwa na jiwe lenye matundu. Wanakijiji walitia sarafu ndani ya matundu hayo, wakajaza siki kwa kuamini inaua maradhi, wakaondoka. Watu wa nje walikuja wakaacha chakula, wakachukua sarafu zilizolowa. Walikufa zaidi ya watu 250.

Jiwe lile bado lipo, na hulifikiria mara kwa mara. Mkono mmoja unaacha pesa, mkono mwingine unaichukua, na wenye mikono hawaonani. Kila upande ungeweza kudhulumu. Mtu wa nje angeweza kuchukua sarafu asilete mkate. Mtu wa ndani angeweza kuvizia gizani na kukimbia. Hadithi nzima imekaa ndani ya tundu la upana wa kidole gumba.

Na huko Eyam kuna jibu la swali langu la kalamu nyekundu. Mwezi Agosti 1666 mwanamke mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume wake na watoto wake sita katika siku nane. Aliwazika mwenyewe, karibu na nyumba yao, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsogelea. Siku nane. Ukichukua kalamu ukaandika siku hizo nane tu, asubuhi kwa asubuhi, udongo ulivyokuwa, alikula nini, siku ya tano aliamkaje, utakuwa na riwaya na hutahitaji tena kuharibu mji wowote.

Katama Mkangi, Mungu amrehemu, mwaka 1995 alitupa riwaya ambayo jina lake ukilitamka polepole linajifungua lenyewe: *Walenisi*, wale ni sisi. Ile si riwaya ya gonjwa. Lakini hilo jina ningependa libandikwe juu ya meza ya kila anayeandika kuhusu "walioambukizwa". Nimesoma miswada ambamo wagonjwa hawana majina, wana meno tu. Wanatambaa, wanaunguruma, wanapigwa risasi. Mwandishi akishawageuza hivyo amejipunguzia kazi, na msomaji amepunguziwa utu kidogo bila kuambiwa. Mgonjwa wa jana alikuwa mwalimu wa hesabu. Anaunguruma, sawa, lakini bado ameshika chaki.

Sasa mambo ya kiufundi, haraka haraka, maana najua hapa ndipo vijana hutoa madaftari.

Pigeni hesabu kabla ya kuandika. Tuko zaidi ya bilioni nane. Gonjwa likiua watu 99 katika kila 100, wanabaki milioni 80. Si "mtu wa mwisho duniani" hata kidogo. Katika shule ya wanafunzi elfu moja wanabaki kumi, na yaelekea hao kumi hawakuwa marafiki. Mmoja alikuwa akimwibia mwenzake kalamu. Hiyo kumi inanivutia kuliko mtu mmoja kileleni mwa mlima.

Petroli iliyokaa huanza kuharibika baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo lile genge lako la pikipiki, mwaka wa tatu, linatembea kwa nini? Wape baiskeli. Genge la baiskeli halina kelele, linakufikia usiku ukiwa umelala, na kila mmoja ana mapaja ya chuma. Mimi ningeliogopa zaidi.

Insulini inataka ubaridi, na umeme ukikatika saa inaanza kuhesabu. Mhusika mwenye kisukari ana kalenda ndani ya mwili wake, usimweke pale kwa ajili ya huruma ya sura moja halafu ukamsahau. Miwani ikivunjika imevunjika. Maji yakichemka kwa dakika moja ni salama kwa vidudu, lakini kuni zinatafutwa, na moshi unaonekana toka mbali. Asiye na kuni anaweza kutia maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuilaza kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Tazameni hapo palivyo na hadithi: wingu linapita juu ya chupa. Watoto wanne wana kiu, wanalitazama. Mkubwa lazima aseme "bado".

Na muache kunitengenezea chanjo kwenye sura ya mwisho. Ninaomba. Msichana anaingia maabara iliyoachwa, anakuta kichupa kinang'aa, anamchoma mpenzi wake, mwisho. Habari za kweli za chanjo ni nzuri kuliko hiyo. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, katika mji wa Merca nchini Somalia, mwaka 1977. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili amwelekeze dereva njia, safari ya dakika chache. Alikuwa hajachanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sindano, ilionekana inauma. Ugonjwa uliokuwa umeua watu kwa karne na karne ulimalizikia kwa kijana aliyeogopa sindano na asiyeweza kukataa kumwonyesha mtu njia. Alipona. Mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alizunguka nchini mwake akiwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia woga wake, na alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Hakuna kichupa kinachong'aa hapo. Kuna mtu aliyejifunza kwa kuchelewa na akaamua wengine wasichelewe.

Nimekwisha vunja ahadi ya ufupi, kama nilivyotabiri. Nimalizie na yule kijana wangu wa mazishi. Jana usiku nilikaa nikajaribu kumjibu kwa njia anayoiheshimu, yaani kwa tukio. Mimi si mtunzi, mtanisamehe.

Kuna dada wa miaka kumi na tano na mdogo wake wa miaka sita. Wazazi hawapo. Mtoto ameharisha tangu jana asubuhi. Macho yamedidimia, midomo imepasuka, na dada akimfinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Dada ana jagi la lita moja, maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari, chumvi na kijiko cha chai. Ana kila kitu. Asichokuwa nacho ni vipimo.

Ninyi mnavijua, vimebandikwa kwenye kuta za zahanati dunia nzima: vijiko sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Yeye aliona bango hilo labda mara mia. Anakumbuka picha ya mama mwenye kitambaa chekundu na mtoto anayetabasamu. Tarakimu hazikumbuki. Alimwona mama yake akitengeneza maji hayo jikoni, mama amempa mgongo, yeye yuko mlangoni na simu mkononi, anacheka na kitu fulani ambacho leo hakumbuki kilikuwa nini. Masikio yake ndiyo yaliyohifadhi: kijiko kikigonga ukingo wa jagi, ta, ta, ta, ta, ta, ta. Sita. Hiyo ni sukari, maana kopo la sukari lilikuwa na mfuniko wa bati na lilisikika likifunguliwa. Baada ya hapo mama alisema neno kuhusu chumvi. Yeye alijibu "mm".

Anatia sukari, sita. Anachota chumvi. Kijiko kizima? Viwili? Anajua chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto zaidi, hilo mama alilisema kwa ukali, na dada aliinua macho siku ile. Anatia kijiko kizima, anakoroga, anasogeza jagi kwenye mdomo wa mtoto, mkono unasita. Ndipo sauti inamrudia, yote, na ile hali ya kuchoka iliyokuwa ndani yake: "Onja kwanza. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga."

Ya machozi.

Mtoto analia, amelia tangu alfajiri, mdomo wazi, uso umekunjamana. Dada anampapasa shavu. Kavu. Mwili uliokaukiwa haugawi maji kwa ajili ya kilio.

Na yeye mwenyewe hajalia. Hakulia baba alipopelekwa, wala siku alipochimba uani kwa sufuria kwa sababu koleo lilikuwa limeibwa, akachimba mpaka magotini tu kisha nguvu zikamwishia, akamlaza mama pale, akamgeuza uso upande wa nyumba, halafu akaona hana cha kumfunikia ila lile pazia la jikoni lenye maua ambalo mama alikuwa akisema kila wiki atalibadilisha. Tangu siku ile amekuwa akihesabu vitu. Viberiti, chupa, hatua mpaka kisimani. Amehesabu vizuri sana.

Sasa amepiga magoti mbele ya jagi, na inabidi alikumbuke lile pazia. Analikumbuka ua kwa ua. Anakumbuka lilikuwa fupi, akalivuta juu likafunua miguu, akalivuta chini likafunua uso, na kwamba alisimama pale akivuta juu na chini kwa muda ambao hakuuhesabu.

Yanapotoka anayapokea kwa kidole, anakiweka kwenye ulimi. Kisha anatumbukiza kidole kingine ndani ya jagi, anaonja.

Akamwaga jagi lote, akafungua tena kopo la sukari.